Tunazika Kompyuta Zilizo Hai

"Imeungua." Hakuna hukumu inayotolewa upesi kuliko hiyo kwenye meza zetu za ufundi. Kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi au ndugu zake, imeunganishwa na televisheni. Taa inawaka, kioo kimebaki cheusi. Mtu anachomoa, anachomeka tena, anasubiri kidogo, kisha anatamka. Bodi inatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko unatupwa kwenye droo, na barua ya kumwomba mfadhili bodi nyingine inaanza kuandikwa. Nimeisikia hukumu hii hapa Likuni, pembeni mwa Lilongwe, nimeisikia kwenye maduka ya Area 2 mjini Lilongwe, nimeisikia kambini Dzaleka, tena kutoka kwa watu wenye vyeti. Naipinga. Kioo cheusi kinathibitisha jambo moja tu: picha haijafika kwenye kioo. Juu ya uhai wa bodi hakijasema lolote.

Niyaeleze kwanza kwa haki maoni ninayoyapinga, maana wanaoyashikilia si wajinga. Wanasema mambo matatu, moja likizaa jingine. Kwanza, bodi isiyotoa picha imekufa. Pili, kilichoiua ni umeme mbovu wa ESCOM, shirika letu la umeme. Tatu, kwa kuwa umeme wetu ndio huo, vifaa hivi ni midoli ya maabara za Ulaya, havitufai huku, na wafadhili watuletee kompyuta kubwa za mezani kama walivyozoea. Ukiishi Malawi, maneno haya yanaingia akilini. Januari 2022 tufani Ana ilibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira katika mto Shire, na megawati 129 na ushei zikatoka kwenye gridi kwa mpigo. Tuliokaa gizani baada ya hapo hatuhitaji kuambiwa kwamba umeme unaweza kumtesa mtu. Lakini si kila linaloingia akilini ni kweli, na haya matatu hayawi kweli hata yakirudiwa kila wiki.

Kosa hili lingekuwa dogo mahali ambapo bodi mpya inauzwa duka la pili. Sisi hatuko mahali hapo. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kuanzia sokoni hadi kanisani. Sera ya nchi inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha huko kwa amri wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Kijana wa Dzaleka haamki tu asubuhi akapanda basi kwenda Lilongwe kusaka kipuri. Novemba mwaka huohuo kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na kila kinachonunuliwa kwa dola kikapaa. Anayesema "imeungua" bila kupima anamtoza mwenzake gharama ambayo mwenzake hana pa kuitoa.

Na tazama bodi hizi zinafanya kazi gani. Programu kama Kolibri na Kiwix zilitengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unapakia masomo, vitabu, video na Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye kadi ya memori. Bodi inarusha Wi-Fi yake yenyewe. Darasa linasoma kwa simu na tableti bila kununua bando hata moja. Kusoma kwa kompyuta si jambo geni Dzaleka: tangu 2010 Wajesuti wameendesha huko masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao. Jamii iliyopigania elimu kiasi hicho haipaswi kuzika maktaba nzima kwa sababu ya waya.

Basi tuanze na waya, maana hapo ndipo watoa hukumu wasipotazama. Bodi hizi zinataka volti 5. Kuanzia modeli ya B+ ya mwaka 2014, ukiacha zile ndogo za Zero, ndani yake kuna saketi inayochunga mpaka: volti zikishuka chini ya 4.63, bodi inajua, tena inasema. Kwenye Pi 3 taa nyekundu inazimika au inapepesa. Kwenye kioo, kama picha ipo, inatokea alama ya radi pembeni. Kwenye kumbukumbu za mfumo unaandikwa ujumbe wa upungufu wa volti. Kati ya 5 na 4.63 kuna volti 0.37 tu, na chaja, kebo na viungo vyote vinapaswa kufanya kazi ndani ya nafasi hiyo.

Sasa chukua kebo ya USB ya bei ya chini, zile zinazotandazwa kwenye turubai sokoni, urefu wa mita moja. Nyingi zina waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.32. Waya wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 0.213 kwa kila mita, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo safari nzima ni mita mbili, kama omu 0.43. Bodi ikivuta ampea 1, volti 0.43 zinapotea njiani na kuwa joto. Chaja imetoa volti 5 kamili, bodi imepokea 4.57, tayari iko chini ya mpaka. Ikifanya kazi zaidi, ikachomekwa kibodi, kipanya na flashi, inavuta zaidi na inapokea kidogo zaidi. Inajaribu kuamka, inaishiwa nguvu, inaanza upya, na kioo hakipati kitu. Badilisha kebo peke yake, weka yenye waya wa milimita 0.81. Kwa ampea ileile, kinachopotea hakifiki volti 0.07, na bodi inapata 4.93. Hii ni kanuni ya Ohm ambayo watoto wetu wanaisoma sekondari. Tunawafundisha waifaulu kwenye mtihani, kisha tunakaa nao mezani na kutoa hukumu kana kwamba haipo.

Hapo wenzangu hunijibu: "Lakini chaja hii ni ya wati 18, tena ya simu mpya." Jibu hilo linatoka kwa mtu aliyesoma namba kubwa iliyoandikwa juu ya chaja na kuacha maandishi madogo ya chini. Wati 18 mara nyingi ni volti 9 mara ampea 2. Simu na chaja huzungumza na kukubaliana kupandisha volti. Pi 3 na Pi 4 hazijui mazungumzo hayo, zinabaki kwenye volti 5. Kinachotuhusu ni mstari mmoja tu wa maandishi yale madogo, ule wa volti 5, na ampea zilizoandikwa mbele yake. Pi 3 inapendekezewa ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, Pi 5 ampea 5. Pi 5 ikipewa chaja ya ampea 3 inawaka, lakini inabana matundu yake yote ya USB yasitoe zaidi ya ampea 0.6 kwa jumla. Diski ya nje inakataa kuzunguka, na mtu anatangaza kwamba matundu "yameungua". Kuna pia wanaochomeka bodi kwenye tundu la USB la televisheni ili kuokoa soketi. Tundu hilo kwa kawaida limekusudiwa nusu ampea. Kuitegemea nusu ampea iamshe Pi 4 ni kutaka lisilowezekana, na lawama inaiangukia bodi.

Hata gharama ya kebo si kinga. Pi 4 za kwanza, zilizotoka Juni 2019, zilikuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C: kebo za bei kubwa zenye chipu ndani zilidhani bodi ni kifaa cha sauti na zikakataa kuipa umeme. Kebo ya kawaida isiyo na chipu iliiwasha bodi ileile bila shida. Watengenezaji walikiri kasoro hiyo na kuirekebisha katika toleo lililofuata. Fikiria bodi ngapi za mwaka ule zingetangazwa maiti na mtu asiyejaribu kebo ya pili.

Naja kwenye hoja ya pili, ya ESCOM, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu inamwondolea kila mtu lawama. Geuza chaja yoyote ya leo usome upande wa kuingilia umeme: volti 100 hadi 240. Chaja hizo zimeundwa kukubali umeme dhaifu. ESCOM ikishuka kutoka 230 hadi 180, balbu ya zamani itafifia na feni itazubaa, lakini chaja nzima bado itatoa volti 5 zilezile. Volti 4.57 hazitoki kwenye nguzo ya umeme ya barabara ya Likuni; zinatoka kwenye chaja dhaifu na kebo nyembamba iliyo mkononi mwako. Mwenye sola, na Dzaleka kaya nyingi zinategemea sola, hana hata ESCOM wa kumlaumu, na bado anakutana na kioo kilekile cheusi, kwa sababu tundu la USB la kidhibiti cha sola lisilotosha na kebo nyembamba ni vilevile popote vilipo.

Umeme wetu una dhambi yake, na tuitaje kwa jina lake: kukatika ghafla. Bodi ikiwa katikati ya kuandika kwenye kadi na umeme ukakatika, mafaili yanaharibika, na siku ya pili haiamki. Inaonekana imekufa. Zilizokufa ni taarifa za kwenye kadi, na kadi huandikwa upya kwa dakika chache kwenye kompyuta yoyote. Tena lipo la kufanya kabla: mfumo wa Raspberry Pi una mpangilio wa kuifunga kadi isiandikwe wakati wa kazi, na seva ya maktaba inayosomwa tu inafaa sana kufungwa hivyo. Betri ndogo kati ya chaja na bodi inaipa nafasi ya kuzimika kwa utaratibu. Dhambi ya ESCOM, basi, inaua kadi zaidi kuliko bodi, na ina dawa.

Nioneshe kwa karibu jinsi hukumu inavyoanguka ikipimwa. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Dzaleka, mwenye kibali cha siku, alinijia Likuni na Pi 3 ndani ya mfuko.

"Fundi, hii tulishaizika," alisema. "Naomba uniandikie karatasi kwamba imeungua, tuipeleke kwa wafadhili."

"Karatasi nitakuandikia, mwalimu. Tuipime kwanza."

Alikuja na chaja yake na kebo yake, na hilo lilinifaa kuliko bodi yenyewe. Niliviunganisha vilevile kama kwao. Sindano nyeusi ya mita ya kupimia umeme niliiweka kwenye pini ya 6 ya bodi, nyekundu kwenye pini ya 2. Bodi ilipoanza kuamka namba zikashuka: 4.8, 4.66, 4.52, zikarudi juu, zikashuka tena, na taa nyekundu ikazimika na kuwaka kwa kufuatana nazo. Nikatoa kebo yake, nikaweka fupi nene na chaja ya ampea 2.5. Mita ikatulia kwenye 5.04, na taa ya kijani ikaanza kupepesa, maana yake bodi inasoma kadi. Kioo, hata hivyo, kilibaki cheusi.

Hapo ndipo mwenye haraka angesema, "Si nilikwambia?" Mwalimu alikuwa na monita ya zamani ya VGA kule darasani, na yangu ilikuwa ya namna hiyohiyo, kwa hiyo nilipitia adapta. Monita niliikuta imezimwa. Niliiwasha kwanza, nikahakikisha imechagua tundu lake, kisha nikaiwasha bodi upya. Ukatokea mraba wa rangi za upinde wa mvua, ikafuata mistari ya maandishi, na mwisho masomo yao yote yakafunguka, kama walivyoyaacha siku walipoizika. Makosa yalikuwa mawili, kila moja likilifunika jingine, na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya bodi.

Hilo linatupeleka kwenye picha yenyewe, ambayo ina sababu zake za kutofika. Bodi ikiwaka huuliza kwenye HDMI: upande wa pili kuna kioo gani, kinakubali ukubwa gani wa picha? Kioo kikiwa kimezimwa au kimeelekezwa kwenye tundu jingine, hakijibu. Matoleo ya zamani ya mfumo, yakikosa jibu, yalipeleka picha kwenye tundu la video la analogi, na HDMI ikabaki tupu hata ukiwasha kioo baadaye. Ndiyo maana kioo kinawashwa kwanza, bodi baadaye. Kwenye matoleo hayo ungeweza pia kuandika hdmi_force_hotplug=1 ndani ya faili la config.txt ili bodi itoe picha hata pasipo jibu. Tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023 faili hilo limehamia /boot/firmware, na mistari mingi ya zamani ya HDMI haisikilizwi tena. Anayefuata maelekezo ya miaka kumi iliyopita atahangaika bure.

Pi 4 ina matundu mawili madogo ya HDMI, na anayetumia kioo kimoja atumie lile lililo karibu na tundu la umeme. Adapta za VGA nazo ni mtego wa peke yake, kwa sababu monita nyingi tulizopewa msaada ni za VGA. HDMI ni ya kidijitali, VGA ni ya analogi. Waya mtupu usio na chipu ya kugeuza hauwezi kuziunganisha, na waya za namna hiyo zinauzwa. Adapta halisi ina chipu, na chipu hiyo hula umeme kupitia tundu la HDMI la bodi yenyewe. Volti za bodi zikishuka, adapta ndiyo ya kwanza kuzimia. Kwa hiyo mtu anaona tatizo la picha wakati tatizo ni la umeme, na anabadilisha monita tatu bila kugusa kebo ya chaja.

Bodi yenyewe haikai kimya. Taa ya kijani ikipepesa mara nne na kurudia, inasema faili la kuamshia, start.elf, halikupatikana kwenye kadi. Ikipepesa mara saba, kiini cha mfumo hakikupatikana. Maradhi hayo yote mawili ni ya kadi. Pi 4 yenye programu ya kuamshia ya kuanzia 2020, ukiitoa kadi kabisa na kuiwasha, huandika kwenye kioo maelezo ya uchunguzi. Ukiyaona, umethibitisha kwa dakika moja kwamba bodi, HDMI, kebo na kioo vyote ni vizima. Na bodi ikiwa imefika kwenye mfumo, amri moja, vcgencmd get_throttled, inatoa historia: 0x0 maana yake umeme umekuwa mzuri tangu ilipowaka, 0x50000 maana yake umewahi kupungua, 0x50005 maana yake unapungua hivi sasa. Kifaa kinachoeleza maradhi yake waziwazi namna hii, anayekiita maiti ni yule asiyekisikiliza.

Tena kwa seva ya maktaba kioo chenyewe hakihitajiki. Chukua simu, fungua orodha ya Wi-Fi. Jina la bodi likiwemo, bodi iko hai na inafanya kazi, hata kama televisheni imekuwa nyeusi tangu juzi. Muuguzi wa Hospitali ya Misheni ya Likuni hamtangazi mgonjwa kuwa amefariki kwa sababu amefumba macho. Anashika mapigo ya moyo. Sisi tunatangaza kwa macho peke yake.

Nakubali kwamba bodi hufa. Anayekana hilo atapoteza haki ya kusikilizwa. Volti 12 za betri ya sola zikichomekwa moja kwa moja kwenye pini za volti 5, bodi inakufa papo hapo, kwa sababu pini hizo kwenye modeli nyingi hazipitii kinga iliyowekwa kwenye tundu la USB. Sindano ya mita ikiteleza ikagusanisha pini ya 1 na ya 2, volti 5 zinaingia kwenye njia ya 3.3 na kuiua chipu kuu. Kwa hiyo pima kwa mkono mtulivu. Radi ya msimu wa mvua inaua. Lakini kifo cha kweli kina dalili zinazopimika. Chaja na kebo ni nzima, volti 5 zipo, kadi imejaribiwa kwenye bodi nyingine ikafanya kazi, na bado hakuna kijani kinachopepesa, pini ya 1 haina volti 3.3, au chipu inachoma kidole ndani ya sekunde chache. Ukiyapata hayo, andika "imeungua" na uweke sahihi. Ninachokataa ni kuandika neno hilo bila kuzitafuta dalili hizo.

Imebaki hoja ya tatu, kwamba hizi ni midoli isiyofaa mazingira magumu. Desemba 2015 bodi mbili za Raspberry Pi zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na kuendesha programu zilizoandikwa na watoto wa shule. Kilichoziwezesha kufanya kazi huko ni kupewa umeme sahihi na watu waliopima kabla ya kurusha. Na hizo kompyuta kubwa zinazoombwa badala yake? Kompyuta ya mezani ya zamani na monita yake hula makumi ya wati, mara nyingine zaidi ya 100. Pi 4 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haifiki wati 10. Kwenye paneli ya sola ya darasa la Dzaleka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama masomo ya jioni yatakuwepo au hayatakuwepo. Anayesema bodi ndogo haifai kwa sababu umeme wetu ni mchache, amechukua sababu kubwa kabisa ya kuitumia na kuifanya sababu ya kuitupa.

Kwa nini basi maoni haya yanadumu? Kwa sababu yanawafaa wengi. Fundi anayesema "imeungua" amemaliza kazi kwa dakika mbili na hakuna wa kumkosoa. Mratibu wa mradi anapata mstari mpya wa bajeti. Mfadhili anapiga picha akikabidhi boksi. Hayupo anayepiga picha akikabidhi kebo. Asiyefaidika ni mwanafunzi, aliyekuwa na maktaba mwezi uliopita na sasa ameambiwa asubiri. Zaidi ya hapo, kila hukumu ya haraka inamfundisha kijana wa kambini kwamba vifaa ni fumbo, kwamba maarifa yako kwa wengine, kwamba kazi yake ni kupokea na kusubiri. Sikubali kijana wetu afundishwe hivyo. Kijana aliyeona namba zikishuka kwenye mita na kuzipandisha kwa mkono wake mwenyewe hawezi tena kudanganywa kwamba hana uwezo.

Kwa hiyo nasema na kila mmoja kwa zamu yake. Wewe mfadhili, kila bodi unayoleta iandamane na chaja yake halisi, kebo fupi nene, kadi ya akiba iliyokwisha kupakiwa masomo, na kwa kila darasa mita moja ya umeme. Vyote hivyo pamoja ni nafuu kuliko kuleta bodi upya kila mwaka. Wewe mwalimu wa kompyuta, kabla hujafundisha mtoto kuandika programu, mfundishe kusoma maandishi madogo ya chaja. Wewe fundi mwenzangu, usikubali kuandika "imeungua" kwenye karatasi isiyo na namba: volti ngapi kwenye pini ya 2, kebo gani, kadi gani, taa imepepesa mara ngapi. Karatasi isiyo na namba hizo irudishwe kwa mwandishi wake.

Na wewe msomaji mwenye bodi kwenye droo, itoe leo. Weka chaja inayostahili na kebo nene, washa kioo kwanza, toa kila kilichochomekwa isipokuwa umeme, HDMI na kadi. Ikikataa, andika kadi upya ujaribu tena. Ikikataa na hapo, pima volti. Ukishafanya yote hayo na bado imekataa, sema imeungua, nami nitakuamini.